Mpenzi wa Sinema na Shujaa Wake

Katika mijadala juu ya utamaduni wa taifa, mpenzi wa sinema hupewa nafasi ndogo, na mara nyingi nafasi hiyo huwa ya mshtakiwa. Husemwa kwamba ameziacha ngoma na hadithi za kwao, akamhusudu mtu wa mbali asiyejua hata jina la mtaa wake. Shtaka hili si la kupuuzwa. Lakini kabla ya kutoa hukumu, yatupasa kuuliza: mpenzi huyu anapenda nini hasa? Hapa tutamchukua mwigizaji mmoja aliyependwa mno katika miji yetu ya pwani, Raj Kapoor wa India, pamoja na picha yake moja, Awaara, ili tuone mapenzi hayo yana thamani gani na upungufu gani.

Raj Kapoor alizaliwa Peshawar tarehe 14 Desemba 1924, akafariki Delhi tarehe 2 Juni 1988. Mwaka 1948, kabla hajatimiza miaka 25, alikwisha kuanzisha studio yake mwenyewe. Awaara, neno lenye maana ya mzururaji, ilitoka mwaka 1951. Aliitayarisha, akaiongoza, tena akawa mwigizaji wake mkuu. Picha hiyo ilivuka mipaka mingi. Ilipendwa katika Muungano wa Kisovieti kama ilivyopendwa Unguja na Dar es Salaam, mahali ambapo watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Aliyefahamu kidogo alimnong'oneza jirani yake, na wengine wote wakafuata macho, sauti na mwendo wa mwigizaji. Nyimbo zilikaririwa, na walikuwapo vijana walioiga hata kofia na mwendo wake.

Kama mapenzi hayo yangeishia kwenye kofia, tusingekuwa na haja ya kuyaandikia. Tuitazame basi hadithi yenyewe.

Jaji Raghunath anaamini kuwa mwana wa mwema huwa mwema, na mwana wa mhalifu huwa mhalifu. Kwa imani hiyo alimtia hatiani mtu mmoja, Jagga, ambaye baba yake alikuwa jambazi. Jagga anatoroka, anakuwa jambazi kweli, na kwa kulipiza kisasi anamteka mke wa jaji. Mwanamke anarudi nyumbani akiwa mja mzito. Mumewe anamshuku na kumfukuza. Mtoto anazaliwa barabarani, anakulia katika umaskini, na Jagga anamvuta kwenye wizi. Mtoto huyo ndiye Raj. Mwishowe anasimamishwa mahakamani kwa kumuua Jagga na kujaribu kumuua jaji, na anayemtetea ni Rita, mwanasheria kijana aliyelelewa na jaji yuleyule.

Mswahili anayeitazama picha hii hana haja ya mkalimani. Imani ya Jaji Raghunath anaijua tangu utoto kwa maneno matano: mtoto wa nyoka ni nyoka. Na jibu la Rita analijua vilevile: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili zimekaa pamoja katika vinywa vya wazee wetu bila kupigana, kila moja ikingoja siku yake ya kutumiwa. Awaara inazipambanisha mbele ya hadhara, na kumtaka mtazamaji achague. Hapa ndipo tunapoiona siri ya mapenzi yale. Watu hawakuvutwa na ugeni wa Raj Kapoor. Walivutwa kwa kuwa aliwauliza swali lao wenyewe.

Naye aliliuliza kwa ufundi. Yatosha kutaja tukio moja. Raj akiwa mtoto aliiba mkate kwa ajili ya mama yake mgonjwa, akafungwa. Baadaye tunamwona ni mtu mzima, yumo gerezani, ameshika mkate wa mfungwa mkononi. Anausemesha kwa mzaha, kwamba kama angeupata nje asingeingia ndani. Mwigizaji dhaifu angelia hapo. Kapoor anatabasamu, na tabasamu lile linauma kuliko chozi, kwa sababu linamwachia mtazamaji kazi ya kuhuzunika. Ndivyo alivyojenga uigizaji wake: uso wa mchekeshaji juu ya moyo wa mtu aliyeonewa.

Hata hivyo wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Mpenzi wa Raj Kapoor ana chongo lake analoliita kengeza, nasi hatuna budi kulitaja. Hoja ya picha hii imetimia nusu tu. Inatuonyesha mwana wa jaji akiwa mwizi, na hivyo inabomoa fahari ya ukoo. Lakini haituonyeshi mwana wa mwizi akiwa jaji. Jagga, ambaye kweli ni mwana wa jambazi, anabaki jambazi hadi kufa. Raj, ambaye mwishoni tunamhurumia na kumtakia mema, ni damu ya mtu mwenye cheo. Mtazamaji mwenye ukaidi anaweza kutoka ukumbini akisema: tazama, damu njema imejirudia. Zaidi ya hayo, ufumbuzi unatafutwa katika mapenzi ya watu wawili na majuto ya baba mmoja. Raj anakwenda kutumikia kifungo cha miaka 3, Rita anaahidi kumngojea, na mtaa ulioumba mwizi unabaki kama ulivyokuwa. Udhaifu huu haufuti ukuu wa kazi, lakini mpenzi asiyeuona bado hajawa mtazamaji.

Liko na jambo la pili ambalo ushabiki hulificha. Mpenzi humtaja stelingi peke yake, kana kwamba picha ni kazi ya mtu mmoja. Ile sauti ya wimbo mashuhuri wa Awaara si ya Raj Kapoor, ni ya mwimbaji Mukesh. Muziki ni wa Shankar na Jaikishan, maneno ya wimbo ni ya Shailendra, na hadithi imetoka kwa mwandishi K. A. Abbas na mwenzake V. P. Sathe. Hata yule mzururaji mwenye kofia alikuwa na deni kwa Charlie Chaplin. Lakini Kapoor hakukopa ili afanane na Chaplin. Alimchukua mzururaji wa Chaplin, akamvisha nyimbo za kwao, akamtia katika barabara za Bombay na kumbebesha swali la jamii yake. Huko ndiko kukopa kwa mwenye nyumba.

Somo hili latuhusu. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitikia utamaduni wetu uliodharauliwa, lakini hakutaka tuyakatae yote ya wageni. Wasanii wetu wa taarabu walikuwa wakilijaribu jambo hilohilo: walitwaa tuni za sinema za Kihindi wakazitilia mashairi ya Kiswahili. Pale mshairi alipokuwa na neno lake mwenyewe, tuni ile ikawa yetu. Pale alipojaza silabi tu ili zilingane na mdundo, tukabaki na kivuli cha kitu cha wengine.

Basi tumhukumu vipi mpenzi wa sinema? Tunaona kuwa kosa lake si kupenda. Kosa ni kupenda na kuishia hapo. Mwalimu akimkuta mwanafunzi anamhusudu mwigizaji wa kigeni, asianze kwa kumkemea. Amuulize: shujaa wako anauliza swali gani? Anajibu kwa haki, au kwa machozi? Nani alifanya kazi pamoja naye? Na sisi, kwa lugha yetu, tungelijibu vipi swali hilo?

Swali hilo la mwisho halijapitwa na wakati. Majumba mengi ya sinema yaliyoonyesha Awaara yalikwisha fungwa, lakini Jaji Raghunath yu hai. Yumo kila mara mtoto anapokosa darasani nasi tukauliza kwanza ni mtoto wa nani. Mwalimu aliyewahi kumpenda Raj Kapoor, kisha akamtazama mwanafunzi wake na kusema kimoyomoyo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, alikariri wimbo lakini hakuielewa picha.