Henry Oldenburg na Uchaguzi wa Maandishi ya Sayansi

Henry Oldenburg hakugundua nyota, hakutunga kanuni ya hesabu, wala hakuacha kitabu ambacho mwanafunzi wa leo analazimika kukisoma. Alizaliwa Bremen, katika nchi ya Wajerumani, yapata mwaka 1619, akafa London mwaka 1677, na kazi iliyomchosha katika nusu ya pili ya maisha yake ilikuwa kusoma barua za watu wengine. Hata hivyo, akiulizwa mtu ni nani aliyeanza kuamua jinsi mwenye kuona jambo jipya apaswavyo kulisimulia, ili aliyeko mbali aweze kulisadiki au kulikanusha, ni vigumu kutaja jina jingine kabla ya hili. Wanahistoria wa sayansi wamemheshimu kwa juhudi yake. Wahakiki wa fasihi wamempita bila salamu, na hapo wamekosa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kazi ya kalamu toka mwanzo mpaka mwisho.

Chama cha Kifalme cha London kilipopata hati yake mwaka 1662, Oldenburg aliwekwa kuwa mmoja wa makatibu wake wawili. Barua zikamjia kutoka Paris, Danzig, Roma, Amsterdam na kwingineko, kwa Kilatini, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano. Tarehe 6 Machi 1665 alitoa namba ya kwanza ya Philosophical Transactions, karatasi za kurasa 16, kwa gharama na hasara yake mwenyewe. Chama hakikulichukua jarida hilo kuwa mali yake mpaka mwaka 1752. Barua hizo zilimponza vilevile. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Waholanzi, alifungwa kwa muda katika Mnara wa London kwa kushukiwa kuwa mpelelezi, na kwa miaka mingi barua za nje alizipokea kwa jina la uongo, Grubendol, ambalo ni herufi za jina lake zilizopanguliwa.

Namba ile ya kwanza, kwa macho ya leo, ni kapu la kila kitu. Humo mna habari ya doa lililoonekana katika sayari ya Sumbula, habari ya vioo vya darubini kutoka Roma, madini ya risasi ya nchi ya Wajerumani, uvuvi wa nyangumi karibu na Bermuda, na ndama aliyezaliwa na umbo la kutisha. Ni rahisi kumcheka mhariri aliyemweka ndama huyo jirani ya sayari. Lakini kicheko hicho ni cha haraka. Mwaka 1665 hapakuwa na mtu ajuaye ni kipi kati ya vitu hivyo kitakachozaa elimu na kipi kitakachokufa tasa. Mchaguzi aliyesubiri kujua kwanza asingechapa hata ukurasa mmoja. Oldenburg hakuchagua kwa ukubwa wa jambo; alichagua kwa namna lilivyoshuhudiwa, yaani nani aliliona, wapi, na kwa chombo gani. Kipimo hicho ni cha usimulizi kabla ya kuwa cha sayansi, na uzuri na ubaya wa uhariri wake vyote vyatoka humo.

Ubaya uanze, na mfano wake ni mkubwa. Tarehe 6 Februari 1672, Isaac Newton, mwalimu kijana wa hesabu huko Cambridge, alimwandikia Oldenburg barua juu ya nuru na rangi. Alieleza jinsi alivyoupitisha mwali wa jua katika mche wa kioo, akaona nuru nyeupe ikitawanyika kuwa rangi nyingi, na kila rangi ikiwa na kiasi chake cha kupinda. Barua ilitokea katika namba 80 ya jarida mwezi uleule. Lakini kifungu kimoja hakikuchapwa. Ndani ya kifungu hicho Newton alidai kwamba elimu ya rangi inaweza kuwa na uhakika wa hesabu kama ulivyo katika sehemu nyingine za elimu ya nuru, na kwamba alichokisema hakikuwa dhana ya kukisia. Kifungu kilipoondolewa, barua ilibaki masimulizi ya jaribio lililofanywa vizuri, yenye adabu ya chumba cha mkutano.

Yaweza kusemwa kwamba kukata huko kulikuwa kwa hekima: dai lile lingewaudhi wasomaji waliozoea kupokea mambo kwa tahadhari, na mabishano yaliyofuata yalikuwa makali hata bila ya dai lenyewe. Lakini hekima hiyo ina bei. Jambo jipya kabisa katika fikra ya Newton halikuwa rangi zilizoangukia ukutani, maana upinde wa mvua ulizionyesha rangi tangu dunia iumbwe. Upya wake ulikuwa ile imani kwamba rangi zinaweza kuwekwa chini ya hesabu. Msomaji wa mwaka 1672 alipewa ushahidi bila dai ambalo ushahidi huo uliletwa kulitetea. Mhariri akimpunguzia mwandishi majivuno, amemsaidia. Akimpunguzia wazo, hata kama wazo hilo limevaa majivuno, amemwibia yeye na msomaji pamoja. Kipimo cha ushuhuda kilikuwa chema kwa yaliyoonekana kwa macho, na chembamba mno kwa yaliyofikiriwa.

Uzuri wake waonekana kwa mtu wa namna nyingine. Mwaka 1673 Reinier de Graaf, tabibu wa mji wa Delft, alimwarifu Oldenburg kwamba mjini humo yupo mtu atengenezaye hadubini bora kuliko zote zilizojulikana. Mtu huyo, Antoni van Leeuwenhoek, alizaliwa mwaka 1632, alikuwa muuza vitambaa na mtumishi wa baraza la mji, hakusoma chuo kikuu, wala hakujua lugha yoyote ila Kiholanzi. Barua yake ya kwanza ilihusu kuvu, nyuki na chawa. Oldenburg aliichapa mwaka huohuo. Alipotakiwa kuandika zaidi, Leeuwenhoek alikiri kwamba hana kalamu ya kueleza mawazo yake vizuri, kwa kuwa alilelewa katika biashara, si katika lugha na elimu. Akaongeza kwamba hapendi kupingwa wala kulaumiwa. Unyenyekevu na kiburi vikakaa katika barua moja, kama vikaavyo mara nyingi katika nyoyo za watu waliojifunza peke yao.

Barua iliyoleta mtihani mkubwa iliandikwa tarehe 9 Oktoba 1676. Leeuwenhoek alikuwa ametia pilipili manga katika maji, akitaka kujua ukali wake watoka wapi, maana alidhani huenda ni vincha vidogo vinavyochoma ulimi. Hakuviona vincha. Aliona viumbe hai, vidogo kupita kiasi, vikienda na kurudi ndani ya maji. Na vingine alikuwa amekwisha kuviona tangu mwaka uliotangulia katika maji ya mvua yaliyokaa siku chache ndani ya chungu kipya kilichopakwa rangi ya samawati kwa ndani. Oldenburg aliifasiri barua hiyo kwa Kiingereza, si yote bali sehemu zake, akaichapa katika namba 133 mwaka 1677.

Katika tafsiri hiyo mna mahali pastahilipo kusomwa polepole. Tarehe 27 Julai 1676 Leeuwenhoek alikwenda ufukweni Scheveningen, upepo ukivuma kutoka baharini na jua likiwaka. Alimkuta mtu aingiaye majini kuoga, akampa chupa mpya ya kioo iliyonunuliwa kwa kazi hiyo, akamsihi aisuuze mara mbili au tatu humo baharini kabla ya kuijaza. Kisha akaifunga mdomo kwa kibofu safi, akarudi nayo nyumbani. Mhariri wa siku zetu, mwenye kuhesabu maneno, huenda angeyafuta yote hayo na kuandika kwamba maji ya bahari yalichukuliwa kwa chupa safi. Habari ingebaki, imani ingepotea. Mwogaji yule asiye na jina, na chupa iliyosuuzwa mara mbili au tatu, ndivyo vinavyomfanya msomaji aliyeko London aache kuuliza kama viumbe vile vilitoka katika uchafu wa chombo. Leeuwenhoek alisema hana mtindo. Mtindo wake ulikuwa huo wa mwenye duka aliyezoea kutoa hesabu ya kila dhiraa ya kitambaa, na sifa ya Oldenburg ni kwamba aliutambua na hakuupiga pasi.

Lakini hakuuacha peke yake. Katika tafsiri ileile iliyochapwa aliingiza maneno yake mwenyewe: kwamba mambo haya na mengine yafuatayo ni ya ajabu sana, na kwamba mwandishi ameombwa aeleze njia yake ya kutazama, ili wengine wapate kuthibitisha. Ni sentensi fupi, nayo yastahili nafasi katika historia ya uhariri. Mhariri hakuikataa barua kwa sababu ya ajabu yake. Hakuisifu kupita kiasi. Wala hakuficha shaka moyoni huku akichapa kwa furaha. Aliichapa, na shaka akaichapa kando yake, mbele ya macho ya wote. Leeuwenhoek, aliyeficha siri ya kioo chake bora mpaka kufa kwake, hakutoa njia yote. Alijibu sehemu. Barua yake ya tarehe 23 Machi 1677, iliyotokea katika namba 134, ilieleza jinsi alivyokadiria hesabu ya viumbe kwa kulinganisha tone la maji na punje ya uwele. Mwandishi alisukumwa kutoka katika mshangao hadi katika kipimo, na aliyemsukuma ni msomaji wake wa kwanza.

Jambo moja la lugha laweza kumpendeza msomaji wa Kiswahili hapa. Viumbe vile Leeuwenhoek aliviita kwa neno la kawaida la Kiholanzi, diertgens, yaani wanyama waliofanywa wadogo kwa kiambishi. Kiingereza hakina kiambishi hai cha namna hiyo, kwa hiyo Oldenburg aliandika wanyama wadogo, na baadaye wenye elimu wakakimbilia Kilatini. Kiswahili kingeweza kumfuata muuza vitambaa hatua kwa hatua, maana ngeli ya ki-vi inao udogo huo tayari. Lakini neno lililoshika, vijidudu, limebeba pamoja na udogo wake hofu ya maradhi, na hofu hiyo haimo hata kidogo katika barua ya mwaka 1676. Leeuwenhoek aliwatazama kwa furaha. Mfasiri atakayemleta katika Kiswahili atahitaji kuliepuka neno hilo, au kulisafisha, na hakuna kamusi itakayomwamulia.

Hili si dogo kama lionekanavyo. Mabishano juu ya istilahi yamekula karatasi nyingi katika Kiswahili, na matunda yake yapo, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1990. Istilahi ni za lazima. Lakini mhakiki anayeipima makala ya sayansi kwa istilahi zake tu amepima sare ya askari akaacha kuuliza kama anajua kulenga. Tafsiri ya kitabu cha shule humtaka mtu ajue maneno. Maandishi ya asili, ya mvuvi, mkulima au mwalimu aliyeona jambo kwa macho yake akaliandika kwa lugha yake, yamtaka mhariri ajue kuuliza: chombo kilisafishwa vipi, siku ilikuwa gani, nani mwingine alikuwapo? Maswali hayo Oldenburg aliyauliza kwa muuza vitambaa asiyejua Kilatini, bila kumdai Kilatini kwanza.

Haifai kumfanya mtakatifu. Barua ya mwaka 1676 ilichapwa vipande, na kwa zaidi ya karne mbili wasomaji wa Kiingereza walimjua Leeuwenhoek kwa vipande hivyo, mpaka Clifford Dobell aliporudia mswada wa Kiholanzi na kutoa kitabu chake mwaka 1932. Mkusanyo kamili wa barua, Kiholanzi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ulianza kutoka mwaka 1939. Na mwaka 1981 Brian Ford, akipekua nyaraka za Chama, alikuta vifurushi vidogo vilivyobandikwa kwenye barua: vipande vyembamba vya gamba la koki, vya kiini cha mti na vya mshipa wa jicho la ng'ombe, vilivyokatwa kwa mkono wa Leeuwenhoek na kutumwa London mwaka 1674. Jarida halikuweza kuchapa vitu hivyo. Lakini barua haikutupwa baada ya kuchapwa, na katika hili uaminifu wa katibu ulizidi uaminifu wa mfasiri: alichokata katika uchapaji alikiacha salama katika kabati, ambapo mwingine angeweza kuja kumsahihisha.

Oldenburg alifariki mwanzoni mwa Septemba 1677, swali lake la namba 133 likiwa bado halijapata jibu la kutosha. Tarehe 5 Oktoba Leeuwenhoek alituma hati za mashahidi wanane, miongoni mwao wachungaji wa kanisa, waliotazama katika hadubini zake na kuapa kwamba wameviona viumbe vile. Huko London Robert Hooke alijaribu kwa maji ya pilipili, akashindwa, akajaribu tena. Na tarehe 15 Novemba wajumbe wa Chama, Christopher Wren akiwamo, waliinama mmoja baada ya mwingine juu ya kioo chake, wakaviona vikiogelea.