Ufundi wa Maili Mia

Miongoni mwa mashindano yote ambayo wanadamu wameyabuni ili kuijaribu miguu yao, sijui mengine yanayodhaniwa sana kuwa kazi ya nguvu tupu, na kwa hakika yakawa kazi ya ufundi, kama mbio za masafa marefu katika njia za milimani. Na miongoni mwa mbio hizo zinazonivuta moyo zaidi ni zile za Western States, katika jimbo la California nchini Marekani, ambazo kila mwaka, mwishoni mwa Juni, huanza saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi katika bonde la Olympic Valley, zikavuka safu ya milima ya Sierra Nevada kwa maili 100, ndizo kilomita 161, zikaishia katika uwanja wa shule mjini Auburn, ambako hesabu hufungwa saa tano asubuhi ya Jumapili, baada ya saa 30 kamili. Wengi wakisikia habari hii husifu ushujaa wa mkimbiaji, na ushujaa una haki ya kusifiwa. Lakini mimi nimekusudia kusifu maarifa yake, hususan maarifa ya kujizuia, kwa sababu naamini kwamba mwenye maili 100 mbele yake hujulikana zaidi kwa yale aliyoyaacha alipokuwa na uwezo wa kuyafanya.

Njia hiyo ilikanyagwa na wenyeji wa asili kabla haijakanyagwa na wachimba dhahabu wa karne ya 19, na kuanzia mwaka 1955 ikawa uwanja wa wapanda farasi waliotaka kuthibitisha kwamba mnyama mwema aweza kuimaliza katika muda wa siku moja. Mwaka 1974 mmoja wao, Gordy Ainsleigh, ambaye mwaka uliotangulia farasi wake alichechemea akashindwa kuendelea, alisimama mstarini pamoja na farasi wa wenziwe, yeye akiwa kwa miguu yake, akafika Auburn baada ya saa 23 na dakika 42. Desturi ya wapanda farasi ya kumtunuku bizimu ya fedha kila aliyefika kabla ya saa 24 kutimia ingali ikihifadhiwa kwa wakimbiaji, na wanaofika baada ya hapo, bali ndani ya saa 30, hupewa bizimu ya shaba, ambayo wengi wao huivaa mshipini kwa fahari isiyopungua ya wenye fedha.

Kuingia kwenyewe ni mlango mwembamba. Idhini ya serikali ya kupita katika hifadhi ya Granite Chief huruhusu wakimbiaji wapatao 369 tu, hali waombaji ni maelfu. Kwa hiyo mwombaji hutakiwa kwanza awe amemaliza mbio nyingine iliyokubaliwa, ya kilomita 100 au zaidi, katika muda uliowekwa, ndipo jina lake litiwe katika kura inayopigwa hadharani mwezi wa Desemba. Anayekosa mwaka huu na akaomba tena mwaka ujao huwa na tiketi mbili badala ya moja, kisha nne, kisha nane, kisha kumi na sita, zikizidi maradufu kila mara anaporudi mlangoni na kukataliwa. Nimeitafakari sana kanuni hii, na naiona ina adili kuliko kanuni nyingi za michezo, maana imeiachia bahati madaraka yake lakini imeilazimisha kumkumbuka aliyengoja. Tena ina faida iliyositirika, kwamba kwa kuwa kila ombi hudai mbio mpya ya kumstahilisha mwombaji, yule anayelalamika kuwa amezuiwa miaka mingi huwa, bila kutambua, amefundishwa miaka mingi. Fauka ya hayo, mtu hapewi ruhusa ya kukimbia mpaka awe amefanya kazi ya kujitolea kwa saa 8, ama katika kutengeneza njia za msituni, kuondoa magogo yaliyoanguka na kuchimba mikondo ya maji ya mvua, ama katika kuwahudumia wakimbiaji wa mbio nyingine. Laiti kila mchezo ungekuwa na sharti kama hili! Aliyewahi kushika jembe na kurekebisha njia iliyolika kwa maji hawezi tena kuiona njia kuwa kitu kilichojiotea chenyewe, wala aliyewahi kumjazia mwenziwe chupa ya maji usiku wa manane hatamjibu kwa ukali atakayemjazia yeye.

Sasa niseme juu ya maandalizi, ambako ndiko ufundi uliko. Jambo la kwanza analojifunza mwanafunzi wa maili 100, na aghalabu ndilo la mwisho kumwingia moyoni, ni kwenda polepole. Kwa miezi mingi sehemu kubwa ya mazoezi yake hufanywa kwa mwendo ambao mtu aweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta, kwa maana hazina ya sukari iliyomo katika misuli na katika ini haimtoshi mtu kwa zaidi ya saa chache za kukimbia, ilhali mafuta, hata katika mwili wa mtu mwembamba, yangetosha siku kadhaa. Na mwili haujifunzi kuyatumia mafuta hayo ila katika mwendo wa upole unaorudiwa wiki baada ya wiki. Kijana mwenye kasi huteseka sana katika jambo hili. Akikimbia peke yake anaweza kujitawala, lakini akipitwa na mtu mwenye umri wa baba yake damu humchemka, na juhudi ya asubuhi nzima huharibika katika dakika chache za kiburi. Kadhalika hutakiwa ajifunze kutembea, kwa kuwa katika kipando kikali hatua ndefu za haraka, mikono ikisukuma mapaja, humfikisha mtu juu karibu sawa na yule anayekimbia, kwa gharama ndogo zaidi. Na mbio za Western States humtahini kila mtu katika somo hili mapema kabisa, kwani kilomita saba za kwanza hupanda zaidi ya mita 700 hadi penye kipito cha mlima, wakati ambapo miguu imepumzika, hewa ni baridi, watu wanashangilia, na kila kitu kinamshawishi mtu akimbie.

Bali mpando si adui mkubwa. Kati ya mwanzo na mwisho njia hii hupanda jumla ya mita zipatazo 5,500 na kushuka zipatazo 7,000, na wanaoijua husema kwamba anayeanguka huangushwa na miteremko. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: hukaza huku ikivutwa na kurefushwa na uzito wa mwili, na katika kila hatua nyuzi zake huchanika kidogo, bila maumivu makubwa kwa wakati ule, hata baada ya saa nyingi mtu hutahamaki kwamba mahali pepesi, pale alipotazamia kufidia muda wake, hawezi kupakimbia tena, na hulazimika kushuka kwa ubavu huku akishika miti. Mapafu yake ni mazima, moyo wake ni mzima, ari anayo; mapaja yamekwisha. Habari njema ni kwamba misuli ina hifadhi ya ajabu, kwamba ikishaumizwa kidogo kwa kushuka, kisha ikapumzishwa ikapona, mara nyingine huumia pungufu kwa kazi ile ile, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Basi mwenye busara huutafuta mteremko kwa makusudi, akaushuka mara nyingi katika mazoezi, akiwa na hatua fupi na za haraka, magoti yamelegea kidogo, macho yakitazama mbele ya miguu wala si penye miguu, mpaka kushuka kukawa kwake ni elimu ya kuuachia uzito uende bila kuupiga vita. Huu, kwa maoni yangu, ndio ufundi mzuri kuliko wote katika mchezo huu, na nimepata kumtazama mtu akishuka hivyo juu ya mawe, kwa wepesi usio na kelele, nikaona ametenda jambo la uzuri kamili ambalo halikuhitaji mtazamaji.

Kisha liko joto. Makorongo ya katikati ya njia hiyo huweza kupita nyuzijoto 38 mchana, baada ya wakimbiaji kutoka kwenye vilele ambako miaka mingine theluji haijayeyuka bado. Mwili hujizoeza hali hiyo kwa muda wa siku kumi hadi kumi na nne za kutokeza jasho kwa makusudi: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea nalo hupungua, ndiyo maana katika mwezi wa Juni wengine hukimbia mchana wamevaa nguo nzito, na wengine huketi katika vyumba vya mvuke. Tumbo nalo lina mafunzo yake, kwa kuwa damu inapoitwa miguuni na kwenye ngozi, tumbo huachwa na haba, na chakula kilichokuwa kitamu nyumbani hukataliwa. Hivyo mkimbiaji hujizoeza kula akiwa mwendoni, gramu 60 za wanga kwa saa au zaidi, na kunywa kadiri ya kiu, maana maji yakizidi kipimo huipunguza chumvi ya damu na yamewahi kuua. Na hapa ndipo kujizuia kunapogeuka sura: yule aliyefundishwa kuacha kukimbia alipotamani kukimbia, sasa hana budi kula asipotamani kula, kama nahodha anayepunguza tanga kwa ajili ya upepo utakaovuma usiku, wala si kwa huu unaovuma sasa.

Katika kijiji cha Foresthill, baada ya kilomita 100, mkimbiaji huruhusiwa kupata msindikizaji wa kwenda naye mpaka mwisho, na wengi huufikia mto American usiku, wakauvuka huku wameshika kamba iliyotandwa ng'ambo hadi ng'ambo, au kwa mashua maji yakiwa mengi. Msindikizaji mwema haongezi kasi ya mwenziwe. Humkumbusha kula, humwangazia njia, hunyamaza inapofaa.

Nimesema njia hii iko Marekani, lakini imekwisha kanyagwa na Simon Mtuy, mzaliwa wa Kilimanjaro, yule ambaye mwaka 2006 aliupanda na kuushuka mlima wa kwao kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea chakula na maji yake. Sishangai kwamba alitoka huko. Wagumu wa Kilimanjaro, wanaopanda na mizigo ya wageni vichwani na mabegani, wanaijua kwa miili yao sehemu kubwa ya elimu niliyoieleza. Na kila mgeni anayeanza kupanda kwa pupa huambiwa na kiongozi wake aende polepole, shauri ambalo huko California watu hulijia kwa gharama ya misimu mingi. Ningependa kuona vijana wa Marangu na Machame wakipewa nafasi ya kuigeuza elimu hiyo kuwa jina na riziki.

Mwaka 2015 Gunhild Swanson, bibi wa miaka 70, aliipoteza njia katika sehemu za mwisho za mbio za Western States, akazidisha takriban maili 3 juu ya maili zake 100, na asubuhi ya Jumapili akawa bado mitaani mwa Auburn, dakika za mwisho zikiyoyoma. Rob Krar, aliyeshinda mbio zile zile tangu jioni ya Jumamosi, alikuwa akikimbia kandoni mwake amevaa ndara. Bibi huyo aliingia uwanjani na kuukata mstari kwa saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Zilibaki sekunde 6, nami nimejiuliza alizipata wapi: kwenye kituo gani hakuketi, mteremko upi aliushuka bila kusita, kipando gani cha alfajiri alikitembea alipokuwa angali na nguvu za kukikimbia.