Kusoma Kabla ya Kunukuu: Hati ya André Yav na Wanafunzi Wetu

Makala haya yanahakiki kitabu kinachotajwa mara kwa mara katika kazi za wanafunzi wetu na ambacho, tukihukumu kutokana na namna kinavyotajwa, hakisomwi. Kitabu chenyewe ni History from Below, kilichotolewa na wachapishaji John Benjamins mwaka 1990. Ndani yake Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alihariri, akatafsiri na kufafanua hati ya André Yav ya mwaka 1965, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Hatukusudii kueleza yote yaliyomo. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba namna hati hiyo ilivyosomwa ina mafunzo ambayo mwanafunzi anayeanza uandishi wa kitaaluma anayahitaji kabla ya kanuni za tanbihi na marejeo, ambazo sisi walimu tuna haraka mno ya kumfundisha.

Tuanze na jina la hati. Yav aliiita kwa Kifaransa Vocabulaire, yaani msamiati, wa mji wa Elisabethville. Msomaji anayeishia kwenye jina ataiweka pamoja na kamusi, na tumeikuta hivyo katika orodha za marejeo zaidi ya mara moja. Lakini hati hii si kamusi hata kidogo. Ni historia ya mji kama ilivyosimuliwa na watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, yaani maboyi na wapishi, watu ambao vitabu vya wakati wa ukoloni viliwataja kwa nadra na havikuwasemesha. Kwa nini basi iitwe msamiati? Hilo ni swali la kitaaluma, na halimjii ila aliyefungua kurasa.

Majina ya mahali nayo yana tarehe zake. Elisabethville, ulioanzishwa mwaka 1910, ulipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, mwaka ule ule Jadotville ilipogeuka kuwa Likasi. Anayeandika kwamba Yav alitunga mwaka 1965 "Msamiati wa Lubumbashi" amebadili ushahidi akidhani anarahisisha. Vivyo hivyo, Fabian anaposema "Kiswahili cha Shaba" anatumia jina ambalo jimbo letu lilikuwa nalo kuanzia 1971 hadi 1997. Katika maelezo yake mwenyewe mwanafunzi ana ruhusa ya kusema Katanga. Katika nukuu hana.

Kiini cha kitabu, kwa maoni yetu, ni usomaji. Hati ya Yav haikufuata tahajia ya Kiswahili sanifu: maneno hayatengwi kwa namna moja, vituo havimsaidii msomaji, na mwanzo wa sentensi na mwisho wake ni jambo la kukisia. Tutoe mfano wetu wenyewe, usiotoka katika hati: "bwana alitoka boyi alibakia kunyumba alikasirika". Nani alikasirika? Macho peke yake hayajibu. Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, hakujibu kwa kukisia. Alimwomba Kalundi Mango, mwenye lugha, aisome hati yote kwa sauti. Pumzi na kiimbo chake vikatenganisha kile ambacho karatasi ilikuwa imekiunganisha, na usomaji huo ukaandikwa na kuchapishwa pia. Kwa hiyo kitabu kinampa msomaji maneno ya hati, maandishi ya sauti iliyoisoma, na tafsiri ya Kiingereza. Kila hatua inaweza kukaguliwa kwa kurudi kwenye ile iliyoitangulia. Fabian alilirudia jambo hili katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu kusikiliza na kusoma.

Tulinganishe na desturi yetu. Mwanafunzi hupokea silabusi, huikariri kwa ajili ya mtihani, na ifikapo zamu ya kuandika hunakili aya za mwenzake aliyemtangulia, pamoja na nukuu zake na makosa ya nukuu hizo. Hatumlaumu peke yake, kwani amefunzwa kwamba maandishi ni kitu cha kurudishwa kama kilivyopokelewa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akikabidhiwa maneno ya mzee wa mtaa wake, hayarudishi kama alivyoyapokea.

Hapo ndipo penye hasara. Hapa Kakontwe, mahali ambapo wanajiolojia walipatia jina la tabaka la mawe ya chokaa linalosomwa katika vitabu vyao, wapo wazee waliokula mkate wa machimbo. Mwanafunzi wa isimu anapokwenda kuwarekodi, husikia "batu", "kuya", "njo". Anaporudi mezani huandika "watu", "kuja", "ndiyo", akiamini kwamba amemstahi mzee kwa kumsafishia lugha. Katika kazi inayodai kuchunguza Kiswahili cha Likasi, mtu huyo amefuta kile alichokwenda kukitafuta, na mzee akishafariki hakuna wa kumwuliza tena. Na "njo" si "ndiyo" iliyotamkwa vibaya. Katika usemi wetu ina kazi zake za kisarufi, ambazo zimewashughulisha wanaisimu. Usanifishaji una mahali pake: katika maelezo ya mtafiti, katika tafsiri, katika makala kama haya. Mahali pake si ndani ya alama za nukuu.

Kitabu hakikosi udhaifu. Usomaji wa Kalundi ni wa mtu mmoja. Pale ambapo sentensi ya Yav ingeweza kukatwa kwa njia mbili, sauti yake ilichagua moja, na msomaji asiyerudi kwenye maneno ya hati atadhani kwamba njia ya pili haikuwapo. Tungependa kusikia watu wawili au watatu wa Katanga wakiisoma hati ile ile, mmoja wao akiwa amewahi kufanya kazi ya nyumbani. Isitoshe, tafsiri ni ya Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanafunzi wetu hawaimudu; hivyo hati iliyotoka kwao inawarudia ikiwa imefungwa mara ya pili. Dawa ni kusoma Kiswahili chenyewe, jambo ambalo mzaliwa wa Likasi analiweza kuliko profesa wa Amsterdam, mradi alikubali kwamba alichonacho kinywani ni lugha.

Tutaambiwa kwamba vitabu havipatikani. Ni kweli kwamba maktaba zetu ni chache na kwamba safari ya kilomita 120 hivi hadi Lubumbashi haifanywi kwa ajili ya sura moja. Lakini hati ya Yav imo pia katika hifadhi ya matini za Kiswahili iliyowekwa kwenye intaneti, bila malipo isipokuwa gharama ya mtandao, na kundi la wanafunzi watano linaweza kuchangia fotokopi moja na kuisoma kwa zamu, kwa sauti, chini ya mwembe.

Wakifanya hivyo, na wafungue pia ukurasa wa jina la kitabu. Jina la Kalundi Mango limechapishwa pale. Katika kazi tulizosahihisha, karibu zote humtaja Fabian peke yake.