Wembamba Usiokatika

Shika spoki mbili mkononi. Moja ni ya kawaida, ina unene wa milimita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya pili ina milimita 2 kichwani na kwenye nyuzi za skrubu, lakini katikati imevutwa ikakonda hadi milimita 1.5. Pitisha ukucha mahali inapoanza kukonda. Ni mteremko mfupi, laini, usio na pembe. Sasa muulize yeyote aliye karibu ni ipi itakatika kwanza ikipigishwa mawe siku 8 mfululizo. Wengi watakuonyesha ile nyembamba. Hiyo ndiyo itakayodumu.

Siku 8 sizitaji ovyo. Ndio urefu wa Cape Epic, mashindano ya baiskeli za milimani ya jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, yaliyoanza mwaka 2004. Waendeshaji hushindana wawili wawili, na kanuni inawakataza wenza kuachana kwa zaidi ya dakika 2, kwa hiyo kifaa kikimvunjikia mmoja kimewavunjikia wote. Njia huwa kati ya kilomita 600 na 700, yenye changarawe, miamba na michanga. Gurudumu la inchi 29 hutembea mita 2.3 hivi kwa mzunguko mmoja. Piga hesabu kwa kilomita 650 na utapata mizunguko zaidi ya 280,000. Katika kila mzunguko, spoki ikifika chini mkazo wake hupungua, ikipanda mkazo hurudi. Haiuawi na pigo moja. Inauawa na huko kulegea na kukaza kusikokwisha.

Chuma kikichoshwa namna hiyo hukatikia kwenye kiwiko, pale spoki inapojipinda kuingia kitovu cha gurudumu, au kwenye nyuzi za skrubu. Katikati hakikatiki ila kwa nadra sana. Maana yake, unene wa katikati ulikuwa mzigo usio na kazi. Tena ulikuwa ukifanya madhara: spoki nene haivutiki, kwa hiyo ringi ikibonyezwa na jiwe, spoki hiyo hulegea mara moja na kuwaachia jirani zake kazi. Nyembamba huvutika zaidi inapokazwa, na ringi ikibonyea bado inabaki na mkazo fulani. Pigo linagawanywa kama uzito wa jeneza mabegani mwa wabebaji. Kwa gurudumu lenye spoki 28, jozi nzima hupungua zaidi ya gramu 100, na uhai unaongezeka. Katika ufundi wote wa baiskeli sijui jambo zuri kuliko hili.

Lakini spoki hiyo haina faida bila mkono wa kuifunga. Ina tabia moja mbaya: ukizungusha nati yake, nayo hujisokota. Gurudumu likianza kutembea hujisokotoa, utaisikia ikilia ti, ti katika mita za mwanzo, na mkazo uliokwisha kupimwa unabadilika. Fundi anayejua hubandika kipande kidogo cha utepe kwenye spoki, kikisimama wima, aone imejisokota kiasi gani. Anaizungusha nati kupita kidogo pale anapotaka, kisha anairudisha mpaka utepe ukae ulipokuwa. Anakwenda hivyo spoki kwa spoki, akizunguka gurudumu tena na tena, kila mara akikaza kidogo tu. Akimaliza anazishika spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba na kuzibana kwa viganja kwa nguvu zake zote. Asiyejua atadhani amekasirika. Jobst Brandt, mhandisi wa California aliyechapisha kitabu The Bicycle Wheel mwaka 1981, alieleza kinachotokea: kubana kunapandisha mkazo kwa muda mfupi, na ile mikazo iliyojificha kwenye kiwiko tangu kiwandani inatulia. Spoki iliyobanwa hivyo hukawia kuchoka. Mwisho fundi anazigonga kwa ukucha moja moja na kusikiliza. Za upande mmoja zikitoa sauti moja, anaweka spana chini.

Huko huko California, katika miaka ya 1980, Keith Bontrager alichukua ringi nyepesi za Mavic za baiskeli za barabarani, akazikata, akazikunja upya na kuziunga ziwe inchi 26, kwa sababu ringi za milimani za wakati ule zilikuwa nzito mno. Huyu ndiye anayetajwa kuwa mwenye ile kauli kwamba kati ya nguvu, wepesi na bei nafuu, mnunuzi achague viwili. Imerudiwa mno, na kwa maoni yangu inapotosha kidogo, kwani inamfanya mtu aamini kwamba akilipa pesa nyingi nguvu zinakuja zenyewe. Tazama nati za spoki. Za alumini ni nyepesi kuliko za shaba ya manjano, na kwa magurudumu mawili utaokoa kati ya gramu 30 na 40. Lakini alumini ikikaa ndani ya ringi ya kaboni pamoja na maji na jasho la chumvi, huliwa na kutu nyeupe, na siku moja kichwa kinang'oka chenyewe. Kwa mbio za saa moja na nusu, sawa. Kwa wiki nzima ya matope, hapana.

Gia za nyuma zina hekima yake. Seti ya Shimano XTR yenye gia 12, kutoka meno 10 hadi 51, ina uzito wa gramu 370 hivi, wakati za bei nafuu za ukubwa huo hukaribia gramu 600. Waliounda hawakupunguza kila mahali. Gia ndogo ni za chuma, kwa sababu meno 10 yanagawana kazi ngumu na huisha haraka. Za kati ni za titani. Kubwa ni za alumini, kwa kuwa mnyororo umekumbatia meno mengi na kila jino linabeba kidogo. Adui wa seti kama hii ni mnyororo uliovutika. Chukua rula ya chuma, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 25: mnyororo mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.3 utupe, maana ukiuacha utaila seti nzima, na bei yake si ndogo.

Kaboni nayo ina sifa yake. Haibonyei ikakuonya, inavumilia, inavumilia, halafu inapasuka. Ndiyo maana bolti za usukani zimeandikwa kipimo, mara nyingi nyutonimita 5, na fundi wa mashindano hakazi kwa kukisia. Hupaka kwanza uji wenye chembe ndogo kama mchanga, ili usukani ushike bila kubanwa kupita kiasi. Kuhusu tairi nitasema kidogo tu: anayetaka kumaliza mashindano marefu atumie tairi lenye kuta nene kidogo, kwa sababu ukuta uliochanwa na jiwe mara nyingi hauzibwi na utomvu wa mpira unaomiminwa ndani yake.

Nisije nikaeleweka kwamba wepesi ndio kipimo cha ufundi. F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni inayochonga seti za gia kutoka bonge moja la chuma hadi zibaki ganda, ni mmoja pia wa walioanzisha World Bicycle Relief mwaka 2005. Shirika hilo linatengeneza baiskeli ya Buffalo, inayotumika Kenya, Zambia na Malawi: zaidi ya kilo 20, spoki nene, na nyuma karia ya kubeba kilo 100. Hapo unene una kazi, kwa hiyo umewekwa. Anayebeba magunia hana haja ya spoki ya milimita 1.5.

Kwako wewe msomaji unayepanda baiskeli, ya milimani au ya kwenda sokoni: spoki zikianza kukatika moja baada ya nyingine, usimlaumu aliyezitengeneza nyembamba, wala usiridhike fundi akikubadilishia ile iliyokatika pekee. Mara nyingi gurudumu lilifungwa likiwa limelegea. Mwambie alifungue lote na kulikaza upya, na umlipe kwa muda atakaoutumia.