Tundu la Mkiani

Katika visiwa vya Visayas, katikati ya Ufilipino, mapishi ya bagungon huanzia kwenye kisu kizito, sufuria baadaye. Bagungon ni konokono wa tope la mikoko, jamaa wa tondo wa pwani yetu, mwenye gamba jeusi, nene, lililochongoka kama pia. Mpike mzima uone: utafyonza mpaka mashavu yaume na nyama isitoke. Mwili umejisokota ndani, hewa haina pa kuingilia, na kila ukivuta ombwe nalo linavuta kwake. Basi mpishi hukata ncha ya gamba. Akikata kidogo mno tundu halifunguki. Akizidisha, utumbo unapondeka na vigae vinaishia menoni mwa wageni.

Kabla ya kisu, tope litoke. Konokono hulowekwa kwa saa kadhaa, wengine usiku kucha, na maji yafaayo ni ya chumvi, kama ya alikookotwa. Kwenye maji ya bomba hujifungia kwa kifuniko chake, na tope hubaki humohumo. Kuloweka, hata hivyo, hakuondoi sumu ya vijimea vya wimbi jekundu, wala moto hauiondoi. Serikali ikitangaza kwamba ghuba fulani ina sumu hiyo, hakuna mapishi ya kuokoa kitoweo cha huko.

Nazi hukamuliwa mara mbili, kama kwetu. Tui jepesi hutangulia, pamoja na tangawizi, kitunguu, kitunguu saumu na mchaichai, na linapochemka huingia gambani kupitia tundu lilelile la mkiani. Hapo ndipo ninapouona ufundi: mkato mmoja umeingiza mchuzi na utatoa nyama. Kasimile, ambalo kwa Kitagalogi huitwa kakang gata, hutiwa mwishoni juu ya moto mdogo, maana likitokota sana protini zake huganda na mafuta hujitenga. Majani ya mlonge hufuata, kisha sufuria inaepuliwa.

Lakini si kila konokono hukatwa. Sikad-sikad, kikonokono cha baharini ambacho jina lake latokana na neno la kupiga teke, ana mdomo mpana na kifuniko kama ukucha, anachokichimbia mchangani ili aruke. Huchemshwa tu, akachovywa kwenye siki yenye pilipili. Mlaji humchokoa kwa pini, au hushika ukucha uleule wa kurukia na kumvuta nje.