"Kupunguza Ganda": Uhakiki wa Istilahi Moja ya Walenga Shabaha

Orodha ya istilahi za kulenga shabaha iliyoletwa kwetu tuitolee maoni ina sifa yake: haikukimbilia kukopa. Hata hivyo, hatuna budi kulipinga neno "kupunguza ganda", kwani limebebeshwa kazi mbili zisizofanana.

Kazi ya kwanza yahusu urefu. Mlenga shabaha anayejaza upya maganda ya risasi huyaona yakirefuka kadiri yanavyofyatuliwa na kurudishwa umbo katika kalibu. Ganda la .308 Winchester, aina iliyotolewa mwaka 1952, halipaswi kuzidi milimita 51.18, kwa desturi hukatwa mdomo likarudi 50.93. Likizidi sana, mdomo hubanwa mwishoni mwa chemba, kichwa cha risasi hakiachiliwi ipasavyo, na kanieneo ya gesi hupanda kwa hatari. Huku ni kufupisha.

Kazi ya pili yahusu unene. Bunduki nyingi za 6 PPC, risasi iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1970, huwa na chemba yenye shingo ya inchi 0.262 tu. Hapo ukuta wa shingo ya ganda hupunguzwa kwa nje, ganda likizungushwa dhidi ya kisu. Mafundi wa Pwani waliotengeneza matendegu ya vitanda kwa kerezo wametuachia neno lake: kukereza. Kwa nini lisitumike? Mtu aliyeambiwa "punguza ganda" akafupisha mahali pa kukereza atabaki na shingo nene isiyo na pa kutanukia, na hatari ni ile ile.

(Kamusi za zamani zina "kiasi cha bunduki" kwa maana ya risasi nzima. Neno zuri, ila "kiasi cha baruti" kitalivuruga.)

"Nafasi ya shingo" nayo haitoshi. Twapendelea mwanya, lakini jina peke yake si dawa. Fasili ya orodha, "nafasi iliyopo kati ya shingo na chemba", haisemi kama ni ya upande mmoja au ya pande zote mbili. Chemba ikiwa 0.262 na shingo ya risasi iliyokwisha kujazwa 0.260, mwanya ni 0.002, yaani 0.001 kila upande. Anayeelewa vinginevyo atakereza hadi 0.258, na shaba iliyokwisha kuondolewa hairudishwi. Fasili na iandikwe hivi: tofauti ya kipenyo cha shingo ya chemba na kipenyo cha shingo ya risasi iliyojazwa.