Kujificha na Kufichika

Sheria za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mezani, kama zilivyochapishwa mwaka 2024, zasema kwamba mwenye kujificha, jumla ya dadu yake ikifika 15, hupata hali ya kutoonekana, mpaka adui amgundue. Hapa pana kosa la maana. Kujificha ni tendo. Kufichika ni hali, nayo hutegemea macho ya mwingine. Aliyejibanza migombani huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, kisha akatokeza barabarani mchana kweupe, alijificha, walakini sasa hakufichika. Watoto wachezao kombolela hawabishani juu ya hili (hubishana juu ya mengine yote): aonekanaye hutajwa jina. Toleo la 2014 lilikiri kwamba atokaye mafichoni vitani na kumkaribia adui kwa kawaida huonekana.